Kwaya Niliyomnyima Mama

Nikimsikia mtu akisema kuongoza shule ni wito, natamani nimkabidhi ile shule yetu ya bweni ya wasichana, kule mbele ya soko la Otonglo, miaka ile ya sabini mwanzoni. Akae nayo muhula mmoja tu, kisha aniambie huo wito ulimwita kutoka wapi. Wasichana hawakunisumbua. Hata paa la bweni lililovuja halikunisumbua kama mwenyekiti wa halmashauri ya shule. Alikuwa na jumba Milimani, gari la Pejo nyeupe na uroho wa ubunge, na uroho huo aliulisha kwa kwaya yangu.

Kwetu matanga si jambo dogo. Watu hujaa boma zima, na anayekuja kwa kishindo ndiye anayekumbukwa. Mwenyekiti alilijua hilo vizuri. Kila alikosikia kilio, agizo lilinifikia: lori la shule, wasichana wa kwaya, sare safi. Wasichana wakishaimba na watu kulainika kwa machozi, yeye hushika kipaza sauti akaanza kuhubiri barabara atakazojenga. Eti rambirambi! Wasichana walirudi Jumapili jioni makoo yamekauka, vumbi hadi kwenye kope, na Jumatatu wakasinzia juu ya meza za maabara. Nusu ya kwaya ilikuwa Kidato cha Nne. Wengi walikuwa watoto wa wauza samaki na vibarua wa mtaa wa Manyatta, na mtihani ukiwaponyoka hawakuwa na mlango wa pili isipokuwa kuozwa.

Mimi kazi ile niliipendea kitu kimoja. Napita nje ya darasa la hesabu, ndani kimya, mara sauti moja inapasuka, "Aaa, kumbe!" Kwa ajili ya hiyo "kumbe" ningepigana na yeyote. Basi muhula wa tatu ulipoanza nikatangaza kwamba kwaya haiendi matangani mpaka mtihani uishe.

Mwenyekiti aliingia ofisini bila kubisha hodi.

"Mwalimu, nasikia umezuia lori."

"Ndiyo, Mzee. Mpaka mtihani uishe."

"Hata msiba wa wakwe zangu Jumamosi hii?"

"Hata huo. Poleni sana."

Akacheka kwa pua. "Kwani kwenu hakuna watu wa kufa?"

"Wapo," nikamjibu, damu imenipanda. "Na watazikwa bila kwaya yangu."

"Haya. Tutaona."

Tangu hapo alininyima usingizi. Aliwaambia wazazi kwamba nina kiburi, kwamba mwanamke aliyesoma hana huruma na wafu. Walimu wangu wakaanza kunyamaza nikiingia chumba cha walimu. Naibu wangu, mtu mwoga kuliko kuku, alinishauri nimwombe radhi mwenyekiti yaishe. Nikamwambia aende akafundishe.

Halafu mama yangu akafa, mtihani ukiwa mlangoni.

Mama alikuwa mtu wa kuimba. Aliimba akipika, aliimba akianika dagaa wa omena, na kanisani sauti yake iliwatangulia wengine wote hata mchungaji akasubiri. Nilikwenda kwetu Seme kumzika, nikamwachia naibu funguo za shule. Mazishi yalikuwa Jumamosi, na mtihani wa kwanza ulikuwa Jumatatu asubuhi.

Jeneza lilikuwa limeshatolewa nje tuliposikia honi. Pejo nyeupe mbele, lori la shule nyuma, na ndani ya lori wasichana wangu wamesimama katika sare zao. Wanawake wakapaza sauti. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye boma tangu baba afariki, alisimama akatabasamu mara ya kwanza tangu msiba utufike.

"Nyaminwa," akaniambia, yaani dada yetu, "umemheshimu mama."

Mwenyekiti akashuka na uso wa huzuni aliouvaa barabarani. "Pole sana, Mwalimu. Nimekuletea watoto wako. Msiba ni msiba."

Nilimwelewa mara moja. Wimbo mmoja tu ukiimbwa pale, basi. Jumamosi ifuatayo, mtihani ukiendelea, angekuja kuchukua kwaya, na kila Jumamosi baada ya hiyo, akiniuliza mbele za watu: kwako ulipokea, kwa wenzako unakataa? Nilimchukia mtu yule kwa chuki ambayo sijaitubu mpaka leo.

Nikaenda moja kwa moja kwa dereva. "Geuza. Warudishe wakasome."

"Hata kwa mama yako mzazi?" mwenyekiti akauliza kwa sauti, ili watu wote wasikie.

"Hata kwake. Nilikwambia."

Msichana aliyeongoza kwaya aliinama kutoka juu ya lori, machozi yanamtoka. "Mwalimu, tumwimbie mmoja tu."

Nilitaka. Mungu ndiye shahidi, nilitaka. "Hapana," nikasema. "Nendeni."

Lori likageuka. Kaka yangu akatema mate chini. Wazee wakaniambia maneno ambayo binti aliyeolewa haambiwi akirudi kwao. Mama yangu akashuka kaburini kwa nyimbo za majirani wachache waliozianza kwa sauti za chini na kuziachia njiani. Jumatatu nilisimama mlangoni mwa ukumbi wa mtihani, macho yamevimba, nikawahesabu wasichana wakiingia. Wote walikuwepo.

Mwenyekiti alinitangaza kila matanga aliyohudhuria kwamba nilimzika mama yangu kama mbwa. Kaka yangu alikubaliana naye. Alikufa hajaniita tena nyaminwa.

Lakini kwaya hawakuja kuiomba tena, yeye wala mwingine yeyote, kwa miaka yote niliyobaki pale. Nani angethubutu kuniomba kile nilichomnyima mama?