Eda ya Mtu wa Kwenye Kaseti

Juzi mjukuu wangu kawasha hita, maana Nizwa ikiingia baridi haina mchezo, na vumbi la tangu mwaka jana likaanza kuungua ndani yake. Harufu ile ikanichukua mpaka nyumbani kwetu Firq, kwenye vidio yetu ya kwanza. Nayo ikinuka hivyo hivyo ikishapata moto, na Bibi akiipepea kwa kipepeo cha ukili kama mtoto mwenye homa.

Shule nimekwenda kidogo tu, basi nakuhadithieni kama nnavyokumbuka, nikipotea nirudisheni.

Mama alikuwa kaenda kujifungua kwao Ibra. Nyumbani tukabaki Baba, Bibi mamake Baba, mie, na Shangazi Zuwena. Sasa huyu Shangazi, mumewe walimchukua mlangoni kwake Unguja siku zile za mambo ya Mapinduzi, yumo ndani ya kikoi na fulana, hata chai hajamaliza. Hakurudi. Wala hakuna aliyeleta habari, ya uhai wala ya mauti. Huku Omani shekhe keshamwambia kitambo, muda wa kumngoja umepita, kaa eda uwe huru. Shangazi akajibu, "Nikikaa eda nitakuwa nimemzika miye. Simziki mtu nisiyemuona." Basi kila alasiri akipaka wanja, bangili tele mkononi, kama mke ambaye mumewe yuko njiani anatoka kazini. Alikuja mchumba wa Fanja, mtu na mitende yake, mtu na falaji, mfereji wake wa maji, inapita uani. Shangazi akamrudisha.

Na siasa haikutajwa kwetu. Bibi akisema, "Siasa moto wa makumbi, juu jivu, chini unakula." Redio ikianza habari, anaizima.

Baba akitengeneza gari kwa fundi mmoja Mtamil, Mhindi wa kusini, Selvam, gereji za hapo hapo Firq. Mtu mpole, ananuka grisi na mafuta ya nazi. Siku moja akamwambia Baba shida yake. Kwao kulikuwa na hadithi ikitoka gazetini, kipande kila wiki, nyumba nzima ikiligombania gazeti mpaka linachanika. Kabla haijesha, yeye akapata viza, akaja huku hajui mwisho wake. Sasa hadithi imefanywa sinema, binamu yake kamletea kaseti, na vidio hana. Baba akacheka, akamwambia njoo Ijumaa.

Akaja na shati limepigwa pasi. Yeye na Baba wakakaa mbele sebuleni, sisi wanawake ukumbini, pazia nusu wazi, na sinia ya njugu tunabambua. Bibi akajiweka sawa kutufasiria. Unguja alikuwa hakosi sinema za Kihindi siku za wanawake, akijiona Kihindi anakijua chote. Kwamba Kitamil ni lugha nyengine kabisa, hilo halikumpitia akilini.

Ikaja halaiki ya watu na bendera. "Harusi," Bibi akasema.

Akapanda jukwaani bwana mmoja, sharubu nzuri, anahutubia mpaka mishipa ya shingo imemsimama.

"Anasemaje, Bibi?"

"Anaposa."

"Mbona kashika maiki?"

"Anaposa kwa sauti! Tazama sinema, mtoto wee."

Wakaja askari wakamkamata mlangoni kwake. Bibi akatia mkono kwenye sinia. "Jamaa zake hao. Wanakwenda kumuosha miguu bwana harusi." Kisha mkewe kasimama kwenye lango kubwa la chuma, jua linampiga, watu wanapita. Shangazi akaacha kubambua njugu.

Mwisho wakamleta yule bwana kwenye kitanda, kafunikwa nguo nyeupe mpaka kifuani.

"Kalala," Bibi akasema upesi. "Kachoka na safari."

"Mama, nani hulala akaliliwa?" Shangazi akamuuliza.

"Nakwambia kalala!"

Shangazi akasogea kwenye pazia. "Kaka, hebu muulize huyo Mhindi. Kalala au kafa?"

Baba akamtazama Bibi, hakuuliza. Lakini Selvam kasikia neno "Mhindi", kajua anaulizwa yeye. Machozi yanamtoka, mwisho wa hadithi yake ndio kaupata. Hakugeuka. Akajibu kwa Kiarabu cha gereji, "Maut, mama. Khalas. Maut."

Shangazi akasema, "Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun," polepole, kila herufi na haki yake. Akaanza kuvua bangili, moja moja, akazilaza juu ya maganda ya njugu.

"Zuwena, mwanangu, sinema hiyo."

"Najua, Mama."

Kesho yake akaingia eda. Hana wanja, hana udi, hatoki. Mie skuli nikatangaza, "Shangazi yangu anamkalia eda Mhindi wa kwenye kaseti!" Wakanicheka: "Eda ya kafiri?" Nikawaambia mngeziona sharubu zake msingesema.

Selvam alipokuja kuchukua kaseti, Shangazi akamtolea halua kwa mkono wangu, na ahsante. Akaniuliza, ahsante ya nini? Nikamjibu, ya sinema. Akaondoka kafurahi, na nadhani mpaka leo hajui.

Mimi nilijua ukubwani eda ile ilikuwa ya nani, nami nilipokaa eda yangu. Bibi alikuwa akijua kuwa mume yule hayuko tena, toka siku ile ya kikoi na fulana, na Baba vile vile, ila mwenye kumpenda ndiye hakupata ulimi wa kumwambia. Ndipo nikawaelewa na wale wageni. Maana siku zile za eda ya Shangazi walikuja wanawake kutoka Ibra, kutoka Sur, wengine wazee wa kushikwa mkono, wakamkumbatia Shangazi wakalia kwa sauti, na mie mlangoni nikishangaa wote hawa kaseti ile wameiona wapi. Kumbe kilio kile walikuja nacho kutoka Unguja. Hawakuweza kulia kabla ya mke.