Kokoto Moja Chunguni

Wiki iliyopita nilikuwa kwa binti yangu Buhongwa, nimekaa barazani na rozari yangu, mjukuu akaja na kipande cha chaki. Mwalimu wao wa chekechea amewaambia hesabu zichezwe nyumbani kwa miguu. Akachora vyumba kumi sakafuni, akaruka kwa mguu mmoja akitaja namba, kisha akaniita, "Babu, zamu yako." Nilicheka. Mchezo huo naujua, ndugu yangu.

Bibi aliyenilea kando ya ziwa alichora vyumba vyake kwa majivu ya jikoni. Kila mtoto aliyeshuka kuteka maji aliruka kutoka moja hadi kumi, akatia kokoto moja kwenye chungu kilichomeguka mdomo. Akirudi aliruka kinyumenyume, akatoa moja. Watoto wa majirani walijaa pale kwa sababu ya viazi vya kuchemsha, na Bibi aliuliza kila mara, "Zimebaki ngapi?" Tulijua kujumlisha na kutoa kabla ya kuanza shule. Naye alijua kama kuna aliyebaki majini, bila kutuhesabu sisi wenyewe. Kwao, kumnyooshea mtoto kidole na kumhesabu kulikuwa kumwitia balaa.

Alasiri moja tulirudi wote, viazi vikaepuliwa, na Bibi akachungulia kile chungu cha kokoto. Kokoto moja ilikuwa imebaki.

Siku chache kabla, mamba alikuwa amechukua mbuzi palepale tulipotekea maji. Bibi aliacha mwiko chini akateremka mbio, akaita majina yetu yote, na yale ya watoto wa watu aliyoyakumbuka. Jirani yetu mvuvi, aliyekuwa akitengeneza nyavu, alimwambia, "Mama, si uwahesabu tu hao vichwa, wamejaa hapo kwako."

"Mtoto wa mtu hahesabiwi kama sato wavuni," Bibi akajibu, akaingia majini na khanga yake.

Maji yalimfika magotini, halafu kiunoni. Akawa anapapasa matete kwa mikono. Hapo ndipo nilipokumbuka. Siku hiyo nilikuwa nimejua kuruka kwa mbili-mbili: mbili, nne, sita. Niliruka kwanza kama wenzangu, kisha nikaruka tena ili Bibi anione, na kila mara nilitia kokoto. Niliporudi nilitoa moja.

Nilijua, na sikusema. Nilifumba macho nikasali Baba Yetu mara tatu, nikimwomba Mungu aiondoe ile kokoto chunguni. Nilipofumbua, maji yalikuwa yamemfika Bibi kifuani, na mvuvi alikuwa ameanza kusukuma mtumbwi kumfuata. Nikaona kwamba Mungu alikwisha kunijibu siku aliponipa mdomo.

"Bibi, ni yangu," nikapiga kelele. "Nilitia mbili."

Alitoka polepole, khanga imemganda mwilini. Nilisubiri kofi. Alikaa kwenye jiwe, akakaza fundo la khanga. Mvuvi akageuza uso. Kisha Bibi akasema, "Asante Mungu. Nilidhani nimepungukiwa, kumbe nimezidishiwa." Akaniambia nikaruke tena, kwa mbili-mbili, aone. Niliruka huku nalia, naye akahesabu pamoja nami hadi kumi.

Bibi ametangulia mbele ya haki. Pale tulipotekea maji pamezungushiwa ukuta, na watoto wa siku hizi wanakinga maji bombani. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Barazani Buhongwa nilisimama, nikaruka vyumba vitatu, goti likakataa. Mjukuu akanicheka, akakimbilia dukani na wenzake wa jirani. Niliinama nikaokota kokoto nne kando ya ua, moja kwa kila mtoto, nikazitia mfukoni. Mmoja baada ya mwingine walirudi, nami nikazitupa moja moja. Ya mwisho niliishika muda mrefu, nikitazama njia, mpaka nikasikia sauti ya mjukuu wangu getini.