Ridhaa ya Mjane

Nilirudi Mazingara kutoka Ujerumani nikiwa na viatu vilivyonibana na elimu ambayo haikuwa na pa kukaa. Kule chuo kikuu nilikuwa nikiwafundisha maofisa matamshi ya Kiswahili. Nikimaliza, nilikaa benchi la nyuma kumsikiliza profesa akieleza sheria za nchi za Waarabu: mume ana haki hizi, mke zile, kila kitu mahali pake. Niliondoka nikijiona mwanasheria.

Nilimkuta dada yangu ametoka eda. Shemeji, mdogo wa marehemu mumewe, alitaka kumrithi kwa mila yetu. Dada hakumtaka, kwa kuwa mke wa kwanza wa bwana huyo alikuwa amerudi kwao na mkono uliovunjika.

"Mila inamtaka akurithi," nilimwambia, "lakini sharia haimrithishi mtu mjane kwa nguvu."

"Basi nataka sharia," alisema dada.

Mama alikuwa akipepeta mahindi. "Na watoto? Kwetu Wazigua mtoto ni wa ukoo wa mama. Huko kwenye sharia yenu ni wa nani?"

Nilimjibu kwamba profesa hakufika huko. Mama alicheka peke yake.

Tulikwenda Handeni kwa akida, mtu wa Pwani aliyewekwa na Wajerumani kukusanya kodi na kuamua mashauri madogo. Aliuliza tunataka kuhukumiwa kwa mila au kwa sharia.

"Sharia," alisema dada, kabla sijafungua mdomo.

Nilimtazama shemeji nikitegemea abishe. Hakubisha. Alikunja kanzu yake magotini na kusema, "Mimi pia ni Mwislamu, Bwana Akida. Na iwe sharia."

Hapo nilikumbuka swali la Mama kuhusu watoto.

Akida alihukumu upesi. Mjane harithiwi, yuko huru. Watoto, kwa kuwa wameshafika umri wa kupambanua mambo, ni wa kuumeni kwa baba yao, na ami yao atawachukua akawalee kwake Magoma.

"Mila yetu haisemi hivyo!" nilipiga kelele.

"Mwalimu wa Ulaya," akida alisema kwa upole, "hukuja kwa mila."

Nikatishia kwenda bomani kwa Bwana Mkubwa, Mjerumani mtawala wa wilaya. Akanikumbusha kwamba ni Bwana Mkubwa aliyemweka hapo.

Njiani kurudi shemeji alifuatana nasi, mchangamfu. "Mvulana ataanza kazi kwenye mkonge pale Korogwe," alisema. "Msichana keshapata mchumba, mzee mmoja rafiki yangu." Kisha akamwambia dada, "Lakini shemeji, mlango wangu uko wazi. Mama yao akiwapo nyumbani kwangu, nani atawagusa watoto?"

Dada alitembea mbele bila kugeuka.

Ijumaa iliyofuata alikuwa amekunja mkeka wake na kufunga vyombo. Mama alimwambia, "Umeshinda shauri, mwanangu." Hakusema kwa kebehi.

Baba alikuwa amekufa, kwa hiyo walii wa kumwoza kwa shemeji nilikuwa mimi. Akida alikuja kufungisha ndoa mwenyewe. Sharia ina adabu yake hapo: mwari akiulizwa na akanyamaza, kimya chake kinatosha, lakini mjane ni lazima atamke, mashahidi wasikie, ili isije ikasemwa amelazimishwa.

Akida aliuliza kupitia pazia la mlango. Kukawa kimya. Uani nilisikia watoto wakigombea muwa.

"Binti, umeridhia?" akauliza tena.

"Nimeridhia," alisema dada.

"Sauti, mashahidi hawakusikia."

Akasema tena, kwa nguvu, na mtaa mzima ukasikia.