Mkwe Mwenye Heshima na Safari ya Upemba

Kama kuna mtu aliyesifiwa Kipushi nzima kwa kumheshimu mama mkwe wake, basi mtu huyo hakuwa hata mkazi wa Kipushi. Alikuwa Paulin, mtunza ghala wa kiwanda cha unga mjini Lubumbashi, anayekaa mtaa wa Makomeno, mwenye Land Cruiser kuukuu aliyoipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya mke wake. Tangu amwoe Lydie hakuwahi kula mbele ya mama yake, hakuwahi kumpa mkono, hakuwahi kukaa naye chumba kimoja. Akienda Kipushi kumjulia hali alisimama nje ya uzio, akainama, akapiga makofi ya taratibu huku macho yakiwa chini. Mama Albertine alimjibu kutoka ndani, naye amegeukia ukutani. Ndivyo mila ya kwao, Waluba wa kaskazini mwa Katanga, inavyotaka baina ya mwanamume na mama aliyemzaa mke wake. Vijana wa siku hizi wanaipiga chenga bila aibu, lakini si Paulin. Yeye bwana alikwenda kuziba mabati ya nyumba ya bibi huyo saa ambayo mwenyewe yuko misani, ili tu wasikutane.

Lakini usidhani mila hii haina mlango. Mkwe akipeleka mbuzi, au hata kuku, na mama akampokea mbele ya ndugu, mambo yamekwisha: watakula pamoja, watapanda gari moja, watataniana wakitaka. Ni kazi ya asubuhi moja. Baba yake Paulin hakuwahi kufungua mlango huo mpaka anaingia kaburini, na Paulin alilisimulia jambo hilo kama wengine wanavyotaja shahada zao.

Ombi lilikuja kiangazi kilipoanza. Lydie alirudi kutoka Kipushi, akakaa kwenye ngazi za veranda, hata mkoba hakuuweka chini, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Baba Gaëlle, mama anaomba kintu kimoya. Anataka kuona bilima ya kwabo, Kibara, kule mu parc ya Upemba. Tangu baba alimuleta huku na train, hayarudia hata mara moya."

"Bilima tu?"

"Bilima tu. Anasema macho yake ingali muzuri, lakini haiko ya milele."

Paulin aliposikia habari ya milima alifurahi kama mtoto aliyeambiwa kesho ni Noeli. Hapo ndipo unapoona kwamba hakuwa mtu mbaya hata kidogo, na ndiyo maana jambo hili linauma. Jioni ile ile alimfuata rafiki yake Donat, dereva wa lori anayeleta maharage kutoka upande wa Mitwaba, wakainamia ramani iliyochakaa kwenye mikunjo. Donat alishauri wapitie kwanza mbuga ya Kundelungu, mama aone maporomoko ya Lofoi, ndipo wapande Upemba kwenye nyanda za juu, ambako wakibahatika wataona punda milia. Akaonya kwamba kule juu baridi haina mchezo, wabebe mablanketi, na mafuta ya akiba kwenye madumu. Paulin akabadilisha magurudumu. Akapiga simu kwa watu wa mbuga kuuliza vibali na mahali pa kulala. Lydie akamchagulia mama yake koti zito la mtumba, rangi ya bluu, na kule Kipushi Mama Albertine akalivaa mchana kweupe, jua likiwaka, majirani wakafa kwa kicheko.

Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kitu kimoja, na Paulin alikigundua akiwa anafuta vioo vya gari. Kabini ilikuwa moja. Safari ya siku kadhaa, na mama mkwe ndani ya kabini hiyo hiyo! Wangekula wapi? Gari likikwama matopeni, nani angemshika mkono?

"Lakini peleka kuku, Baba Gaëlle," Lydie alisema. "Asubuhi moya, inaisha."

"Weye unataka bantu baseme nilimuheshimu mama mpaka siku nilipochoka? Nitatafuta motoka ya pili. Donat atamubeba, shiye tutafuata nyuma."

"Mama anataka kwenda na batoto yake. Donat ni mutoto yake?"

Paulin akatia pamba masikioni. Gari la pili lilitafutwa kiangazi kizima. Mara lori la Donat liliharibika giaboksi, mara gari la mtu mwingine lilikuwa na harusi, na katikati ya kungoja huko mvua ikanyesha, njia za huko juu zikafungwa na tope. Kipushi hawakumlaumu. Kinyume chake, Ruphin, kaka yake Lydie, alimwambia mbele za watu kwamba mkwe wa namna ile hapatikani tena duniani. Paulin akakivaa kilemba hicho cha ukoka na kurudi nacho Makomeno, kichwa juu.

Mwaka uliofuata, hata kabla ya mvua kukatika, Mama Albertine mwenyewe alituma neno kupitia kwa Lydie. Kwake hilo lilikuwa jambo zito, maana si desturi mama kumwomba mkwe wake afungue mlango huo.

"Amesema hivi: Muambie Baba Gaëlle alete hata kifaranga, minapokea."

Mtu mwingine angekimbilia sokoni. Paulin alitabasamu, akatikisa kichwa. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba anapimwa. Mama mwenye adabu hutoa ruhusa, na mkwe mwenye adabu zaidi haichukui. Baba yake alimfundisha hivyo, au yeye alidhani amefundishwa hivyo. Akatuma gunia la unga na kitambaa kizuri cha nguo, pamoja na salamu kwamba kiangazi hiki, Mungu akipenda, magari yatakuwa mawili. Lydie alipeleka mzigo ule. Baadaye alisimulia kwamba mama yake alilitazama gunia muda mrefu, kisha akamuuliza kama mkwe wake anamchukia.

Paulin hakuambiwa maneno hayo wakati ule. Laiti angeambiwa.

Kiangazi kilikuwa hakijafika katikati Ruphin alipopiga simu asubuhi. Mama ameanguka kwenye bomba la maji, mkono na mguu wa upande mmoja havimsikii, na hakuna gari. Paulin na Lydie waliruka na Land Cruiser hadi Kipushi. Kiti cha mbele ndicho pekee kilichoweza kulazwa, hivyo Ruphin alimbeba mama yake akamweka hapo, kando ya dereva, naye akaingia nyuma na Lydie. Hakuna aliyetaja mila. Paulin alinyoosha mkono kumfunga mkanda, na hapo kwa mara ya kwanza akamwona usoni. Alikuwa Lydie mtupu: paji lile lile, mwanya ule ule wa meno. Miaka yote ile hakujua.

Njiani alijaribu kutazama barabara tu. Walipokaribia mjini, lile rundo jeusi la mabaki ya shaba liliinuka mbele yao juu ya mapaa, na bomba refu la moshi la kiwanda ubavuni mwake. Mama Albertine aligeuza kichwa kwa shida. Ulimi ulikuwa mzito, lakini maneno yalisikika.

"Baba Gaëlle. Ile ni bilima?"

Nyuma, Lydie alishika bega la kaka yake. Paulin alitaka kusema hapana, mama, bado, tutakwenda, nitakupeleka mimi mwenyewe katika gari hili hili.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ni Kibara."

"Wafwako," alimjibu, asante ya Kiluba anayopewa mtoto na mama yake, na akaendelea kulitazama rundo lile mpaka nyumba zikalificha.

Alikufa wiki ile ile hospitalini. Kwenye kilio, Kipushi, wazee walisimama mmoja mmoja kumsifu Paulin, mkwe aliyetunza heshima mpaka mwisho, wakawaambia vijana wamwige. Alivumilia wa kwanza na wa pili. Wa tatu alipoanza, Paulin alitoka, akaingia ndani ya gari lake na kufunga mlango. Kiti cha kando kilikuwa bado kimelazwa. Aliweka mkono juu yake, akalia kwa sauti, na watu waliomsikia wakaambiana kwamba kweli alimpenda sana mama mkwe wake.