Mpita Njia wa Filamu Kubwa

Fundi cherehani mmoja, ambaye watu walimwita Staa, aliwahi kukodiwa apite barabarani kwenye filamu ya mwongozaji mashuhuri, kikapu begani. Kupita tu, basi. Tangu hapo, kila akienda kunyolewa kwa shemeji yake, ubishi ni uleule. Kinyozi alihusudu waongozaji wa filamu za magari kulipuka na ngumi zisizoisha. Staa alimcheka.

"Hao wanajaza makapi, shemeji. Mwongozaji wangu haachi kitu kisicho na kazi. Ukiona hata paka kapita, jua kapitishwa."

Filamu yenyewe hakuwahi kuiona. Kinyozi akaisaka mpaka akaipata, akaitazama kwanza peke yake, akacheka sana.

Jumamosi, saluni ikiwa imejaa hadi mlangoni, alingoja kichwa cha Staa kifike nusu, maana hakuna mwanamume atakayetoka nje na nusu kichwa. Ndipo akawasha televisheni. Staa akaitazama kupitia kioo, kifua mbele.

"Barabara ndiyo hiyo," akasema. "Sasa nakuja."

Akapita mzee wa baiskeli. Akapita paka. Kisha wakaonyeshwa watu wengine, ndani ya chumba. Saluni nzima ikaangua kicheko, na aliyeanza ni mke wa Staa, aliyeitwa makusudi na kaka yake, yule kinyozi.

"Wamenitoa," Staa akasema kwa sauti ndogo.

Kinyozi akamwinamisha kichwa taratibu, akaendelea kunyoa. "Usimlaumu, shemeji. Si ulisema mwenyewe haachi makapi?"