Kiti cha Kuangalia Nyuma

Watu huniuliza kwa nini mimi, fundi wa baiskeli wa siku nyingi hapa Busia, sijawahi kununua gari. Huwa nawajibu kwamba nilishakuwa nalo moja na lilinichosha, halafu nanyamaza. Nikiendelea nitakasirika, na daktari amenikataza kukasirika.

Lilikuwa gari la michezo, la Kiingereza, viti viwili tu, chini kabisa, hata mbuzi aliweza kuchungulia ndani bila kuinua shingo. Lilinifikia miaka ile ya sabini, mambo ya upande wa pili wa mpaka yalipokuwa yameharibika na watu wanavuka na magodoro kichwani. Mwenyewe alilisukuma mpaka mbele ya kibanda changu akisaidiwa na wapita njia, akaketi chini, akajifuta jasho kwa tai. "Ssebo," akaniambia, yaani bwana, "nipe baiskeli moja nzima, hii ichukue wewe." Nilidhani ananitania. Akanitupia ufunguo na kitabu cha gari, akapanda baiskeli yangu, akashika njia ya Kisumu. Sikumwona tena.

Gari likakaa nyuma ya nyumba. Kuku walitaga kwenye viti, mchwa wakala mbao za sakafu, na mke wangu akawa anaanika nguo za watoto juu ya boneti. Mimi sikulijali. Kitu chenye injini sikukijua hata kidogo, na kazi ya baiskeli ilinitosha.

Kilichonifanya nilitazame upya ni mguu wa mama mkwe wangu.

Alikuwa mjane, anakaa peke yake kule Adungosi, na Mungu alimpa mabinti watupu. Alijikata kwa jembe karibu na kifundo na kidonda kikakataa kupona. Hospitali ya misheni ya Nangina walimwambia waziwazi: aje kila wiki kuoshwa na kufungwa dawa, na kidonda kikifika kwenye mfupa mguu utakatwa. Sasa Adungosi iko upande huu wa Busia na Nangina iko upande ule, vumbi tupu katikati, basi la kubahatisha, na mama mwenyewe hawezi kukanyaga chini.

Mgeni atasema, si angekaa kwako tu mjini? Asingeweza. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake. Hatupeani mkono, hatuli pamoja, hatuangaliani usoni. Tukikutana njiani mmoja wetu anaingia kwenye mihogo mpaka mwenzake apite. Hata nikiwa nimesimama pale pale, akitaka kunieleza jambo alimwambia binti yake, "Mwambie baba watoto hivi na hivi," na mimi nikamjibu huyo huyo binti. Hakukuwa na ubaya wowote kati yetu. Ndiyo heshima yenyewe, na nilimheshimu sana yule mama.

Mwanzoni kijana mmoja wa boda alikuwa akimpeleka kwa baiskeli, nikimlipa kwa kumtengenezea magurudumu. Halafu ikaja kahawa ya magendo. Wanaoikumbuka miaka hiyo wanajua nasema nini. Magunia yalivuka kutoka kule mchana kweupe, kila mwenye baiskeli yenye keria ya kubebea mzigo akawa tajiri, na hakuna kijana aliyekubali tena kumbeba mwanamke mgonjwa. Nikamwambia mke wangu, "Basi nitambeba mimi mwenyewe."

Mke wangu alikuwa anasonga ugali. Aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Mama yangu? Kwenye keria yako? Akushike kiuno? Wewe baba watoto umerogwa! Afadhali huo mguu uoze."

Jioni ile nikazunguka nyuma ya nyumba, nikafukuza kuku, nikaketi kwenye kiti cha dereva. Kando yangu palikuwa na kile kiti cha pili, goti kwa goti na mimi. Hapo napo pabaya, tena pabaya zaidi ya keria. Nikageuka nikatazama buti, na ndipo nikapata wazo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa la akili au la wazimu. Nitakata kifuniko cha buti, nitafunga benchi humo linaloangalia nyuma, na pazia katikati. Mama mkwe ataketi kwa adabu akitazama njia tuliyotoka, mke wangu ataketi kando yangu, na hakuna macho yatakayokutana.

Nilipomwambia mke wangu alicheka mpaka akashika mlango. Halafu akaacha kucheka. "Fanya haraka," akasema.

Haraka! Haki ya Mungu, nani aliniloga niguse lile gari? Asubuhi nilitengeneza baiskeli za watu, mchana nililala chini ya gari kutu ikiniingia machoni. Sakafu niliziba kwa bati la madebe ya mafuta ya kupikia. Chini ya springi niliweka vipande vya springi za lori ili liinuke, maana kwa barabara zetu za marram lingekwangua tumbo. Pampu ya petroli ilifanya kazi ukiigonga kwa kijiti, ukiacha kuigonga inasinzia. Kabureta zilikuwa mbili. Nikiituliza moja nyingine inaanza kupiga chafya. Nilienda mpaka Malaba kuwauliza madereva wa malori waliokuwa wakingojea kuvuka, kila mmoja akanipa jibu lake, na yote nikayajaribu. Mgongo uliniuma hata kanisani nilisimama wenzangu wakiketi.

Na majirani hawakuniacha. "Boss, hilo litabeba magunia mangapi?" Walishaamua ninatengeneza gari la magendo. Niliapa, wakacheka. Mzee mmoja alisimama akaangalia lile benchi kwenye buti kwa muda mrefu, akatikisa kichwa, akaondoka bila kuaga.

Kitu kimoja tu katika gari lile kilinifurahisha, nacho ni magurudumu. Yalikuwa ya spoku! Nyingi, nene, lakini spoku ni spoku. Nilizinyoosha moja moja, nikazungusha rimu mbele ya macho yangu mpaka ikatulia, na kwa mara ya kwanza nikajisikia mtu anayejua kazi. Kila gurudumu lilishikwa na nati moja kubwa katikati, yenye masikio mawili, unaikaza kwa kuipiga nyundo. Nikafungua vitovu vya mbele, nikaviosha pamoja katika karai moja la mafuta ya taa, nikavitia grisi. Wakati wa kurudisha nikagundua nati ya kimoja inakaza kwa kuzungusha kulia na ya kingine kwa kuzungusha kushoto. Maandishi juu ya nati yalikuwa yameliwa na kutu. Lakini hilo lilinisumbua? Wapi! Fundi yeyote wa baiskeli anajua pedali ya kushoto inafungwa kwa kushoto. Nikakifunga cha kushoto upande wa kushoto, cha kulia upande wa kulia, nikapiga nyundo kwa furaha.

Wakati huo habari za Adungosi zilikuwa mbaya. Kidonda kimeanza kunuka. Mke wangu alienda kumwosha mwenyewe kwa maji ya chumvi, akirudi ananiangalia tu pale chini ya gari. Nikamwambia kesho. Kesho yake pampu ikafa kabisa. Nikamwambia wiki ijayo. Nilikuwa nimechoka hata kula sikutaka.

Hatimaye liliwaka. Nikajifunza kuliendesha kwenye uwanja wa soko nikiwatimua kuku wa watu, na asubuhi moja tukaenda kumchukua. Mama mkwe alitoka akiegemea mabega ya mabinti zake, amevaa nguo ya kanisani, kichwa kimefungwa kitambaa kipya. Mimi nikatazama migomba kando. Nikasikia wanamkweza kwenye benchi, nikasikia pazia linavutwa. Kisha sauti yake: "Mwambie baba watoto ameteseka sana kwa ajili yangu." Nikamwambia mke wangu amwambie si kitu.

Tukapita Busia watu wakitupigia makofi. Tukashika njia ya Nangina. Kwa mbele nikaanza kusikia mlio, kii, kii, mke wangu akauliza ni nini, nikasema ni spoku zinajipanga. Mke wangu akauliza tena. Nikamfokea, "Kati yangu na wewe nani fundi?" Tukashuka mteremko, nikaona gurudumu linatupita upande wa kushoto, linakimbia lenyewe, linaingia kwenye mtama wa watu. Nikashangaa, gurudumu la nani hilo? Ndipo pua ya gari ikaanguka chini.

Dereva mmoja wa Malaba alinieleza baadaye, huku akijipiga mapaja kwa kicheko. Kwenye magari ya aina ile mambo ni kinyume cha pedali. Nilichokifunga, barabara ilikuwa inakifungua.

Hakuna aliyeumia. Lakini mama mkwe alikuwa ameteleza kutoka kwenye benchi na bandeji imelowa. Lori halikupita, basi halikupita. Alipita mwanaume na baiskeli yake, anatoka kuuza samaki wa Port Victoria, keria bado inanuka. Nikamwomba. Akamtazama mama, akashuka, akaniachia baiskeli bila kuuliza lolote.

Mke wangu alisimama katikati ya njia akilia. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nikamwinua mama yake kwa mikono yangu miwili, mimi, mkwe, nikamweka kwenye keria. Alikuwa mwepesi mno. Nikapanda, na mikono yake ikanizunguka kiunoni.

Nilikanyaga pedali nikitazama mbele tu, nikisikia aibu hadi masikioni. Halafu akaongea, na hakukuwa na mtu wa katikati wa kupitishia maneno.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Ni hii tu mliyoiogopa? Nipande na wewe?"

"Ni hii, mama."

Nikasikia pumzi yake mgongoni kwangu. "Ningepanda tangu siku ya kwanza," akasema. "Mnajua mguu unauma namna gani? Ningepanda. Nani aliniuliza?"

Nikakanyaga.

Pale Nangina walimkata mguu chini ya goti. Sista aliyetoka kuniambia alisema mfupa ulikuwa umeoza kitambo, na mbona tulichelewa hivyo. Nikamwambia nilikuwa natengeneza gari. Aliniangalia, akaenda zake.

Nilikasirika, na bado nakasirika: juu ya kahawa, juu ya mke wangu na mwiko wake, juu ya adabu yetu ambayo ilimlinda yule mama na kila kitu isipokuwa jembe lake. Gari nililiacha kwenye mtama ule, wenye chuma chakavu wakalibeba. Nilirudi na benchi tu.

Alipotoka hospitali hakurudi Adungosi. Wazee walinong'ona, lakini nilishamshika kwa mikono yangu, na hapakuwa tena na kitu cha kuficha. Mke wangu akamtandikia kwetu. Benchi nililiweka kando ya kibanda apate jua, na kwa mazoea nikaliweka likinipa mgongo. Siku ya kwanza alijikokota kwa magongo mpaka pale, akalitazama, hakuketi.

"Geuza hii kitu," akaniambia mwenyewe.

Nikaligeuza. Akaketi, akaweka magongo chini, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nioe kwake, na mimi nikamtazama. Nilikuwa na gurudumu la mtu mkononi. Nikarudi kunyoosha spoku.