Bahasha za Baba

Baba alifanya kazi posta ya Bunia ujana wake wote, na kwenye mambo ya stempu alikuwa mkaidi wa kupindukia. Alipenda zile za maua za Wabelgiji, ambazo baada ya uhuru zilipigwa chapa ya CONGO kulifunika jina la koloni. Kwenye chache, chapa ilikwenda upande na maneno ya Kiholanzi yakachungulia pembeni. Hizo alizipenda zaidi. Alitufundisha kwamba stempu haibanduliwi: inakaa kwenye bahasha yake, na muhuri wake na majina yake. Nilipobandua moja nikiwa mdogo, hakusema nami siku mbili.

Vita vilipofika mtaani kwetu Rwambuzi, majina hayo yakawa balaa. Mbele ya bahasha kulikuwa na jina la baba, nyuma jina la rafiki aliyemwandikia kutoka Kilo au Irumu, na jina peke yake lilionyesha kabila. Tukikimbia nazo, kizuizi kimoja cha wapiganaji barabarani kingetuua kwa jina la mbele, kingine kwa la nyuma.

"Papa wa watoto, choma yote," mama alisema. "Iko makaratasi tu."

Baba aliniagiza beseni la maji ya uvuguvugu, akakata pembe zenye stempu na kuzitia majini. Mabaki akampa mama ayachome jikoni.

"Papa, wino haitatoka?" nikamuuliza.

"Sijue. Sikujaribu hata siku moja."

Tulipiga magoti tukingoja, bunduki zikilia upande wa uwanja wa ndege. Kisha stempu zikaanza kujibandua zenyewe, moja moja, zikaelea: maua mekundu, ya manjano, ya zambarau, na ile CONGO haikufifia hata kidogo. Nilipigwa na butwaa. Sijaona tena kitu kizuri kama lile beseni, na niliona haya kufurahi siku kama ile.

Kesho yake tulikimbia, na kwenye kizuizi mpiganaji alipekua daftari ambamo baba alizipanga stempu, ukurasa kwa ukurasa, akitafuta maandishi. Aliona maua tu. Akatuacha tupite.

Kwenye kambi ya wakimbizi nilimpa baba pole kwa bahasha zake. Alifungua daftari, akaweka kidole juu ya stempu ya kwanza, akataja kwa sauti ya chini aliyeituma, alikotoka na alichoandika. Akaenda hivyo hadi ya mwisho, watu wa makabila yote mawili, bila kusita popote. Nilimtazama kama simjui. Kisha akanisogezea daftari.

"Sasa weye," akasema. "Anza."